Ngao iliyoongeza mionzi: picha mbili za kifua cha mama mzazi

Aliingia amekumbatia bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Ndani mlikuwa na sidii moja, ripoti ya mistari minne na risiti. Umri miaka 29, uzito kilo 68, mkazi wa Kayole, Nairobi, amejifungua mtoto wa pili siku 19 zilizopita. Tangu asubuhi ya jana yake alikuwa akihema kama aliyetoka kupanda ngazi, kifua kikimchoma upande wa kulia kila akivuta pumzi. Mapigo ya moyo yalikuwa 118 kwa dakika naye amekaa tu kwenye kiti. Daktari wa zamu alishuku donge la damu limeingia kwenye mishipa ya mapafu, na shaka yake ilikuwa na msingi, maana katika wiki sita za kwanza baada ya uzazi damu bado ina wepesi wa kuganda.

Usiku uliotangulia alikuwa amepigwa CT ya kifua, ile eksirei ya kuzunguka inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, katika kituo kingine upande wa pili wa jiji. Ripoti iliishia kwa maneno ambayo kila mtu wa kazi yetu huyachukia: mishipa haikupata dawa ya kutosha (kontrasti, inayoing'arisha kwenye picha), haiwezekani kuthibitisha wala kukanusha, rudia.

"Nimelipa, wakaniwekea mpaka ile ngao ya matiti, wakaniambia niko salama," aliniambia. "Sasa daktari, narudia tena? Na mtoto ananyonya?"

Mimi si daktari, ni radiografa, mpiga picha za eksirei na CT. Lakini Nairobi kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na sikuona haja ya kumrekebisha mtu anayehema vile. Kisa hiki nakiandika kwa sababu ya hiyo ngao.

Kabla sijagusa mashine niliifungua sidii. Wengi wetu tunairuka hatua hii: tumeandikiwa "rudia", basi tunarudia, na kosa lililoharibu picha ya kwanza linapata nafasi ya kuharibu ya pili. Mwishoni mwa kila uchunguzi wa CT kuna ukurasa wa dozi, ambao wagonjwa hawauoni na madaktari wengi hawaufungui. Wake ulisema kilovolti 120, yaani nguvu ya miale; CTDIvol, dozi ya kila kipande (slaisi) cha picha, miligrei 17.2; urefu wa eneo sentimita 44; DLP, dozi hiyo ikizidishwa kwa urefu, 757. Ukizidisha DLP hiyo kwa 0.014, kigezo kinachotumika kwa kifua cha mtu mzima, unapata kama milisiveti 10.6, kipimo cha hatari ya mionzi kwa mwili mzima. CT ya kifua kwa kawaida huwa kati ya 5 na 7. Binadamu wa kawaida hupokea wastani wa 2.4 kwa mwaka mzima kutoka ardhini, angani, hewani na kwenye chakula. Kwa hiyo usiku ule mmoja ulimpa mama huyu mionzi ya zaidi ya miaka minne, na jibu hakupata.

Kisha nikafungua skauti, ile picha bapa ya mwanzo tunayoitumia kupanga eneo la kupiga. Juu ya matiti kulikuwa na kivuli cha mstatili, kingo zake zimenyooka kama zilizokatwa kwa rula. Mwili wa binadamu hauna kiungo chenye pembe nne. Ilikuwa ngao ya bismathi, kitambaa chenye madini mazito ya kuzuia mionzi, na kuonekana kwake pale kulikuwa na maana moja: iliwekwa kifuani kabla ya skauti kupigwa.

Hapo ndipo pana utamu wa kisa, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mashine za leo hazitoi mkondo uleule kuanzia mwanzo hadi mwisho. Zinaiangalia skauti, zinakadiria kila sehemu ya mwili ina uzito gani mbele ya miale, kisha zinapandisha au kushusha mkondo wa tyubu inayotoa miale, yaani mA. Mabegani mna mifupa mingi, mkondo unapanda. Ukiingia kwenye mapafu, ambako kumejaa hewa, unashuka sana. Ukikaribia ini unapanda tena. Ni kama dereva wa matatu anayekanyaga mafuta kwenye mlima na kuachilia mteremkoni. Katika picha za mama huyu nilisogeza kurasa moja moja nikisoma namba ya mA pembeni: mabegani 310, na hiyo ni sawa. Chini ya mabegani nilitarajia kuiona ikiporomoka kufika 150 au hapo karibu. Ikasoma 295. Ikasoma 290. Ikabaki hapohapo mpaka mstatili ulipoishia.

Mashine haijui ngao ni nini. Ilichokiona ni kifua kizito isivyo kawaida, ikaongeza nguvu ili miale ipenye. Yaani kile kitambaa kilichowekwa kulinda matiti kiliiambia mashine ipige kwa nguvu zaidi, mahali palepale palipo na matiti.

Kuna watakaosema, basi kosa ni mpangilio, iwekwe baada ya skauti. Ni kweli kwamba kwenye mashine inayopanga mkondo kwa kutumia skauti pekee, ngao iliyowekwa baadaye inapunguza dozi ya titi. Lakini zipo mashine zinazojirekebisha papo hapo wakati tyubu inazunguka, na hizo zitaiona ngao hata ukiificha kwenye skauti. Halafu kuna jambo la pili ambalo nililielewa vizuri miaka kadhaa baada ya chuo. Tyubu huzunguka mwili mzima. Ikiwa juu ya mgonjwa, ngao huzuia sehemu ya miale isifike kwenye titi, na hilo ndilo tunalolitaka. Ikiwa chini ya kitanda, miale huingia mgongoni, hupita mapafuni, hupita kwenye titi, hutoka kifuani, na ndipo inakutana na ngao kabla ya kufika kwenye vipokezi. Mgonjwa ameshaipokea dozi yote. Kinachozuiwa ni habari iliyokuwa inakuja kwetu. Umeteka maji mtoni, umeyabeba mpaka nyumbani, unayamwaga mlangoni. Picha inabaki na chenga na michirizi, hasa sehemu za mbele karibu na moyo.

Ndiyo maana chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani, AAPM, kilipotoa msimamo wake mwaka 2012 kilishauri kutafuta njia nyingine badala ya ngao za bismathi. Upungufu uleule wa dozi unaweza kuupata kwa kushusha mkondo wenyewe, bila michirizi. Mwaka 2019 chama hichohicho kikasema tuache pia desturi ya kufunika viungo vya uzazi kwa madini ya risasi wakati wa kupiga picha. Aproni ya risasi iliyotandazwa tumboni wakati wa CT ya kifua haisaidii sana, kwa sababu mionzi inayofika kule chini ni ile inayotawanyika ndani ya mwili wenyewe, na aproni iko nje.

Ngao haikuwa peke yake, na sipendi kuitwika lawama zote. Kitanda kilikuwa chini mno. Skauti ilipigwa tyubu ikiwa chini, kwa hiyo mgonjwa aliyeshushwa alisogea karibu na tyubu, na kivuli chake kikatokea kikubwa kuliko alivyo, kama mkono ulio karibu na taa unavyojaza ukuta mzima. Mashine ikadhani ni mtu mnene, ikaongeza tena. Eneo lilianzia chini ya taya na kuishia katikati ya figo. Tezi ya shingo yote imo ndani, na nusu ya tumbo ambayo hakuna aliyeiulizia. Na kwenye mgongo wa mkono wake wa kushoto bado palikuwa na plasta juu ya alama ya sindano.

"Branula ilikuwa rangi gani?" nilimuuliza.

"Bluu."

Branula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa mshipani, ikiwa ya bluu ni nyembamba. Haihimili kasi tunayoihitaji kujaza mishipa ya mapafu, achilia mbali kuwa mgongoni mwa mkono, mbali na moyo. Nikamuuliza aliambiwa apumue vipi. Akanionyesha: akavuta hewa mpaka mabega yakapanda, akashikwa na kikohozi. Pumzi kubwa kama ile hufyonza damu nyingi kutoka tumboni, damu isiyo na dawa, ikaingia moyoni na kuichuja dawa uliyoisukuma. Kwa mama mzazi, ambaye moyo wake bado unapiga kwa kasi na damu yake ni nyingi, dirisha la kunasa dawa kwenye mishipa ni la sekunde chache. Pumzi moja ya kishujaa inatosha kulifunga.

Basi hapa ndipo nilipo na neno langu. Dozi kubwa kuliko zote ambayo titi la mama huyu lingepata ni ya picha isiyojibu swali, kwa sababu inazaa picha nyingine. Kituo kile kilikuwa na ngao lakini hakikuwa na branula ya kijani, iliyo nene kuliko ya bluu.

Swali la kwanza lilikuwa kama ni lazima turudie kwa CT. Alianza kwa altrasaundi ya miguu yote miwili; tungekuta donge mguuni, angeanza matibabu bila mionzi hata chembe. Hapakuwa na kitu. Kipimo cha nyuklia cha hewa na damu ya mapafu hupa matiti dozi ndogo zaidi, lakini Nairobi kinapatikana mahali pachache na saa ile hapakuwa pa kumpeleka. Kumtibu kwa kubahatisha kulikuwa na bei yake: miezi ya dawa ya kuzuia damu kuganda kwa mwanamke aliyejifungua juzi, na jina la ugonjwa ambalo lingemfuata kwenye kila mimba. Na kumwacha hivyohivyo hakukuwa njia, kwa kuwa donge la mapafuni huua. Tukakubaliana kurudia.

Kwa nini tuhangaike na matiti hasa? Mwaka 2007 tume ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi, ICRP, ilipanga upya uzito wa hatari wa kila kiungo. Titi lilipandishwa kutoka 0.05 hadi 0.12, likawa sawa na pafu na uboho mwekundu. Viungo vya uzazi vikashushwa kutoka 0.20 hadi 0.08, tezi ya shingo ikawekwa 0.04. Namba hizo ni wastani wa watu wote, wake kwa waume, wazee kwa vijana. Kwa mwanamke mmoja mmoja mambo ni makali zaidi: titi la msichana wa miaka 20 ni jepesi kudhurika kuliko la mama wa 50, na titi linalonyonyesha lina seli zilizo kazini. CT ya mishipa ya mapafu inaweza kulipa kila titi miligrei 10 hadi 20, kutegemea mashine na mipangilio, ilhali mamografia ya kawaida ya picha mbili huwa kama 3 au 4. Tezi ya shingo hatari yake kubwa iko kwa watoto, na mtu wa miaka 29 ameshaupita umri huo. Lakini kuiacha nje ya miale hakugharimu chochote, kwa hiyo hakuna sababu ya kuipiga.

Hapo tukabishana kidogo na daktari wa picha. Nilitaka kuanzia kidogo tu juu ya upinde wa mshipa mkuu na kuishia chini ya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, sentimita 23. Yeye akataka tuanzie kileleni mwa mapafu.

"Tuko Nairobi," akasema. "Mgonjwa anakohoa. Ukikata kilele na kifua kikuu kiko huko?"

Alikuwa na haki. Kifua kikuu cha watu wazima hupenda kukaa kileleni, na hapa kwetu mtu hasahau hilo. Lakini jibu lilikuwa tayari kwenye sidii. Picha ya jana ilishindwa kuonyesha mishipa, haikushindwa kuonyesha mapafu. Tukaifungua pamoja kwenye dirisha la mapafu, yaani mpangilio wa mwanga unaoyaonyesha vizuri, tukatazama vilele vyote viwili: safi. Picha mbovu ikatuokolea sentimita kadhaa za nzuri, na tezi ya shingo ikabaki nje.

Jambo jingine tulilolijadili ni ule mpango wa mashine wa kupunguza mkondo tyubu inapopita mbele ya kifua. Tunao, na naupenda kwa wagonjwa wengine. Kwa huyu tuliuzima. Mama anayenyonyesha akilala chali matiti hutanuka kwenda pembeni, nje ya upenyo unaopunguziwa, na kwenye mashine yetu mpango huo hupunguza kasi ya mzunguko wakati tunamshughulikia mtu anayehema. Mwenzangu mmoja mpaka leo hakubaliani nami juu ya hilo, na hoja zake si dhaifu.

Kabla ya kumlaza nilimwambia amnyonyeshe mtoto kwanza. Shosho, bibi yake mtoto, alikuwa naye kwenye benchi la nje. Mionzi ya eksirei haibaki kwenye maziwa. Ikizimwa imezimika, kama taa. Dawa ya kontrasti huingia kwenye maziwa kwa chini ya asilimia moja ya kiasi alichochomwa mama, na utumbo wa mtoto hufyonza kama asilimia moja tu ya hiyo. Hakuna sababu ya kukamua na kumwaga, ingawa bado kuna wodi zinazowaambia akina mama wasinyonyeshe siku nzima. Nilimtaka anyonyeshe mapema kwa sababu nyingine kabisa: mtoto akilia nje ya mlango, mama hawezi kushika pumzi.

Akavua sidiria yenye waya. Sista akamwekea branula ya kijani kwenye kiwiko cha kulia. Nikampandisha kitanda mpaka mstari wa leza ukapita katikati ya ubavu, nikatoka, nikaangalia, nikarudi nikampandisha tena sentimita moja na nusu. Hizo ni sekunde kumi za kazi, na sijui kitu kingine katika chumba kile kinachopunguza dozi kwa bei rahisi namna hiyo. Skauti moja, tyubu ikiwa chini, ili mgongo na kitanda vipokee kabla ya matiti na shingo.

Kilovolti nilizishusha hadi 100. Kutoka 120, kama mkondo haubadiliki, dozi hupungua kwa karibu theluthi moja. Na ayodini iliyomo kwenye kontrasti hung'aa zaidi kwa miale ya nguvu ndogo. Ni mara chache kazini ukapata mionzi michache na mishipa inayowaka zaidi kwa pamoja. Chenga zikiongezeka kidogo, programu ya kuunda picha kwa marudio huzituliza.

Kisha pumzi. Tulifanya mazoezi mara tatu. "Usivute kubwa. Vuta kidogo tu, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Shika hapo." Mara ya kwanza mabega yalipanda. Mara ya tatu hayakusogea.

Mililita 60 za kontrasti kwa kasi ya 5 kwa sekunde, maji ya chumvi nyuma yake. Kipimo cha kufuatilia dawa nilikiweka kwenye mshipa mkuu wa mapafu. Picha hizi za kufuatilia ni ndogo, lakini zote hupiga slaisi ileile, na slaisi hiyo inapita kwenye matiti. Kwa hiyo nikazianza sekunde ya sita, moja kila sekunde mbili badala ya kila sekunde. Zilitosha nne. Mengine yalikwisha kabla hajamaliza kushika ile pumzi ya kughairi neno.

Ukurasa wa dozi: CTDIvol 6.4, DLP 156 pamoja na picha za kufuatilia. Kama milisiveti 2.2. Hesabu hiyo ni makadirio. CTDIvol hupimwa kwenye mcheduara wa plastiki wenye kipenyo cha sentimita 32, na hakuna mwanamke wa Kayole aliyeumbwa kwa plastiki. Mtu mwembamba kuliko mcheduara huo hupokea zaidi ya namba inavyosema. Hata hivyo mizani ni ileile pande zote mbili, na 757 kwa 156 haihitaji kikokotoo.

Donge lilikuwepo, kwenye tawi la mshipa wa sehemu ya chini ya pafu la kulia, doa jeusi katikati ya mshipa mweupe. Si kubwa. Alianzishiwa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambazo hazimzuii kunyonyesha.

Jioni nilimpigia radiografa wa kile kituo cha kwanza. Sikupiga kumlaumu, nilishawahi mimi mwenyewe, enzi zangu za zamu za usiku, kutandaza ngao ileile kabla ya skauti na kujisikia mwema. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kuhusu branula alikubali mara moja, usiku ule za kijani zilikuwa zimeisha. Kitanda alisema ataangalia. Ngao ndiyo iliyomkaa rohoni.

"Lakini wagonjwa wanaipenda," akasema. "Mama akilazwa pale kifua wazi, nikimwekea ngao anatulia. Nikiiondoa nimpe nini?"

Nikamwambia huyu wetu pia aliiulizia alipolala tu, "ngao yangu iko wapi?", na sista akamfunika kwa leso yake mwenyewe, ile aliyokuja nayo imembeba mtoto. Akatulia.

Akacheka. "Leso haizuii mionzi, bwana."

"Haizuii," nikamwambia. "Na mashine haiioni."